Doa lisilojitangaza

Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi nyeupe. Pima sentimita 8 kwenda kulia, weka nukta nene nyeusi. Sasa fumba jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa jicho la kulia, huku ukiisogeza karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikikaribia sentimita 30 hivi, nukta itapotea. Isogeze tena kidogo, itarudi.

Wengi wakijaribu hushangaa kwamba nukta imeondoka. La kushangaza zaidi ni kilichobaki mahali pake: weupe mtupu. Hapana tundu wala giza. Ubongo umechungulia kwa jirani, umekuta karatasi nyeupe, nao umepaka nyeupe. Tumia karatasi ya njano, nao utapaka njano. Pitisha mstari kwenye ile nukta, utauona umenyooka bila kukatika. Yaani jicho halioni, na juu ya hapo linakuhakikishia kwamba linaona.

Sababu yenyewe ni ya kimaumbile. Nyuma ya jicho kuna utando wa kupokea mwanga, retina. Nyuzi zake za fahamu, zipatazo milioni moja, hukusanyika mahali pamoja na kutoka kwa pamoja kwenda kwenye ubongo. Hapo zinapotokea, eneo lenye upana wa milimita moja na nusu hivi, hapana cha kupokea mwanga. Pweza, huyu huyu anayechomwa Forodhani kule Unguja, hana kasoro hiyo: nyuzi zake hupita nyuma ya retina, hazina haja ya kuitoboa. Sisi tumesaidiwa na kuwa na macho mawili, kwani doa la jicho moja hufunikwa na la pili.

Aliyeligundua doa hilo ni Mfaransa Edme Mariotte, katika miaka ya 1660. Inasimuliwa kuwa Mfalme Charles II wa Uingereza aliligeuza kuwa mchezo: alifumba jicho moja na kumtazama mtu wa baraza lake mpaka kichwa cha yule bwana kitoweke. Utani mzito kwa mtu ambaye baba yake alikatwa kichwa kweli, mwaka 1649.

Madereva wa malori hawana habari na Mariotte, lakini doa wanalijua. Tanzania, Kenya na Uganda dereva hukaa kulia, tena kwenye lori hukaa juu sana. Upande wa kushoto, kuanzia usawa wa mlango kurudi nyuma, pikipiki inaweza kusimama na abiria wake na gunia la mkaa isionekane kwenye kioo chochote. Taa zikiruhusu, lori linakata kushoto. Matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; yanakata kona kwa ndani, pale pale bodaboda alipojipenyeza.

Hapo ndipo utazame kazi ya utingo. Lori likirudi nyuma, yeye hushuka, akasimama mahali ambapo dereva anamwona kiooni, akapiga kiganja ubavuni mwa gari: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo... hapo hapo!" Dereva akipoteza sura yake kiooni, anashika breki. Anayedhani utingo ni mbeba mizigo tu hajamtazama akiwa kazini.

Magari mengi yaliyoinuka yanayotoka Japani yakiwa yametumika huja na kioo kidogo kwenye kona ya mbele kushoto. Wapo wanaoking'oa wakisema kinaharibu sura ya gari. Kazi yake ni kumwonyesha dereva kilicho chini ya kona ile, na kilicho chini huko kinaweza kuwa mtoto. Lori likivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda mambo yanageuka: magari yanahamia upande wa kulia wa barabara, usukani unabaki kulia, na dereva anayetaka kulipita gari la mbele hana budi kutokeza kichwa kizima cha lori ndipo aone kinachokuja. Kwa mwendesha bodaboda kanuni ni moja popote alipo: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Akili nayo ina doa lake, na limepimwa. Mwaka 2002, Emily Pronin na wenzake huko Marekani waliwaeleza watu namna mbalimbali za upendeleo unaopotosha maamuzi, kisha wakawauliza nani anazo. Wengi walijibu kwamba wenzao wanazo, wao wenyewe kidogo tu. Utafiti mwingine wa 2012 ukaonyesha kuwa akili nyingi si kinga. Wahenga walishasema nyani haoni kundule, na hawakuhitaji maabara. Lakini maabara imeongeza jambo: wenzetu tunawapima kwa matendo yao, sisi wenyewe tunajipima kwa nia zetu, na nia ikikaguliwa na mwenyewe hutoka safi. Mwenyekiti wa kamati ya harusi anayempa shemeji yake kazi ya chakula hahisi upendeleo hata chembe. Anachohisi ni kwamba shemeji anapika vizuri. Kwa sababu hiyo hakimu hujitoa kwenye kesi ya nduguye, hasubiri mpaka ahisi kwamba anapendelea.

Turudi kwenye jicho lenyewe, maana lipo doa linalokua. Presha ya macho, yaani glakoma, hula neva ya jicho polepole, mara nyingi ikianzia pembeni mwa uoni. Aina iliyoenea zaidi haiumi. Ubongo hupaka mapengo yake kama ulivyoifunika ile nukta ya karatasi, na jicho zima humfichia mtu ubovu wa lile jingine, hadi anapoanza kugonga bega kwenye milango. Uoni uliopotea haurudishwi na dawa wala upasuaji. Matone hulinda uliobaki. Watu weusi huugua zaidi na mapema zaidi, na ndugu wa damu wa mgonjwa wako hatarini kuliko wengine. Kusoma herufi ubaoni hakutoshi, kwa kuwa herufi husomwa kwa katikati ya jicho. Kama umefika miaka 40, au kwenu yupo aliyepofuka taratibu bila sababu kujulikana, nenda kliniki ya macho uombe upimwe presha na neva ya jicho itazamwe.