Je, Wajua? Kimbunga kiliwahi kufyeka karafuu za Unguja

Aprili 1872, kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Meli za Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ziliharibika bandarini. Pemba, iliyo jirani tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo ndiyo inayoongoza kwa karafuu!

Vimbunga ni nadra karibu na ikweta. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha huko kuuviringisha upepo. Hata hivyo, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi kisiwa cha Mafia.

Chakula cha kimbunga ni maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Dunia ikipata joto la nyuzi 1 zaidi, hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua ya kimbunga basi huwa ya kutisha. Kina cha bahari nacho kinapanda, kwa hiyo wimbi la tufani huingia mbali zaidi nchi kavu.

Lakini hasara haiamuliwi na upepo peke yake. Beira, Msumbiji, imejengwa tambarare, usawa wa bahari. Kimbunga Idai kilipoipiga Machi 2019, maji yaliijaza mitaa. Na mikoko je? Mizizi yake iliyosukana topeni huvunja kasi ya wimbi kabla halijafika nyumbani. Tunaikata kwa ajili ya boriti, mkaa na mashamba ya chumvi. Unayejenga ufukweni, tafadhali, iache mikoko isimame.