Kuku Akikataa Kula, Usikimbilie Kisu

Nikiwa Shianda majuzi, mama mmoja mkulima alinionyesha mtetea aliyejikunyata chini ya ghala. "Daktari, huyu tangu jana hadonoi kitu. Tumchinje kabla hajatufia?" Mimi ni daktari wa watu, lakini swali hilo naulizwa mara nyingi.

Ndugu msomaji, njaa ya kuku haitawaliwi na tumbo peke yake. Chini ya ubongo wake, kama ilivyo kwetu, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Baadhi ya seli zake humhimiza kuku ale, nyingine humzuia. Gole likijaa mahindi hutanuka, na neva ya vagasi hupeleka habari ubongoni; kuku huacha kula kwa muda. Homoni nazo zina kazi yake, na hapo kuku ana maajabu. Grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, humtia binadamu njaa. Ikidungwa katika ubongo wa kifaranga, humpunguzia hamu ya kula!

Kuku wa nyama wa kisasa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kukua upesi, hata breki ya shibe ikalegea. Ndiyo maana wazazi wao hupimiwa chakula. Kuku wa kienyeji hana taabu hiyo. Yeye akikataa mahindi, kuna jambo.

Huenda ni kideri. Mwili ukishambuliwa na virusi, chembe za kinga hutoa kemikali zinazouambia ubongo uzime hamu ya chakula. Virusi vikifika kwenye mishipa ya fahamu, shingo hupinda. Kuku hulenga punje akaikosa. Katika ugonjwa wa Marek, neva ya vagasi ikipooza, gole huvimba na chakula hakishuki. Marek hauwaambukizi watu. Kideri humpa anayemshika kuku macho mekundu, nayo hupona.

Kinachonitia hofu ni sumu. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti huvuruga neva za kuku na zetu kwa njia ile ile: mate hutiririka, misuli hutetemeka, pumzi hukatika. Karibu mwaka 2010, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, ndege wa mwituni waliuawa kwa kabofurani, dawa ya aina hiyo, kisha wakauzwa kama kitoweo. Kupika hakuhakikishi kwamba sumu imekwisha. Aliyekula akaanza kutapika, kutokwa jasho na mate, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi.

Nilimuuliza yule mama kama alikuwa amepulizia mboga dawa. Alinyamaza kidogo. "Juzi," akasema. Mdomo wa mtetea ulikuwa umelowa mate. Alipokufa jioni tulimzika kwenye shimo refu, mbwa wasimfukue. Mzee wa nyumba alisimama kando, akiisikitikia imondo yake, yaani firigisi, ambayo kwa Waluhya ni haki ya mwenye boma.