Mashini inajiandikia: watoto wasome informatiki ya nini?



Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kisha ibada: «Pasta, sasa mashini inajiandikia programu yenyewe. Baba alipe minervali ya nini tena?» Si ulizo la mchezo. Minervali ni jasho la mzazi, na Luka 14 inatufundisha kuhesabu gharama mbele ya kujenga mnara.

Ahadi hii ni ya zamani. Programu ni maagizo yenye ordinatere inafuata. Hapo mwanzo watu waliyaandika karibu kwa namba tupu, kazi ya kuchosha macho. Mwaka 1954 John Backus na wenzake wa IBM, kule Marekani, waliandika kwamba luga yao, Fortran, itaondoa karibu kazi yote ile, hata kutafuta makosa. Fortran ikatoka mwaka 1957. Kumbe waandikaji hawakupungua, waliongezeka! Programu ikawa rahisi kupata, basi banki na viwanda vikaomba zingine na zingine. Kisha ikakuja Cobol, yenye maneno karibu na Kiingereza cha kila siku, nayo ikazaa mafundi wake. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa Korona, gavana wa New Jersey aliomba watu wenye kujua Cobol wajitolee, maana ordinatere zenye kulipa wasio na kazi zilikuwa za siku nyingi.

Lakini nisiwadanganye. Tangu ChatGPT itoke mwisho wa 2022, mtu anaeleza tu anachotaka, na maagizo yanatoka. Mwaka 2025 wachunguzi wa chuo kikuu cha Stanford walitazama orodha za mishahara za Marekani: waandikaji wa programu wenye miaka 22 mpaka 25 walipungua karibu 20 kwa 100 tangu mwisho wa 2022. Wakubwa wao hawakupungua vile. Andiko lao walilipa jina la kanari, ndege mdogo ambaye wachimbaji wa makaa walishuka naye shimoni. Hewa ya sumu ikiingia, yeye anaanguka wa kwanza. Sisi watu wa machimbo tunaelewa. Kazi ndogo-ndogo za mwanafunzi njo mashini inakula mbele. Na pasipo kazi hizo, mtu atakuwa fundi namna gani? Hapo njo ninaogopa.

Nilimwambia kijana aendelee kusoma, ila asijifunze kuandika tu. Nikamwomba programu ya daftari la sadaka. Mashini ilimwandikia siku ileile, jumla zikatoka safi. Mama mtunza-hazina akatazama: «Mwanangu, franka na dolare umezijumlisha kwa bei ya siku gani? Na pesa ya ujenzi, umeichanganya na ya wajane?»

Kijana alikaa kimya. Juma hili anakaa na mama yule, daftari mbele yao, anauliza na kuandika.