Dawa ya Mchwa na Muhogo wa Chini ya Mikarafuu

Wanachama kadhaa wametuuliza: mtu akitia dawa ya mchwa katika shimo la mche wa mkarafuu, je, aweza baadaye kupanda muhogo papo hapo? Swali hili ni kubwa, kwani wengi wetu hula kitokacho baina ya miche yetu.

Yafaa kwanza ifahamike kuwa dawa iliyotiwa ardhini haikai hali moja. Vijidudu vya udongo huila, maji huivunja, na joto huipeperusha. Lakini hupungua nusu kwa nusu. Dieldrini, katika udongo wa nchi za baridi, hukisiwa kupoteza nusu kwa kila miaka 5. Basi wakia 8 huwa 4, kisha 2, na baada ya miaka 15 ingaliko wakia 1. Joto letu hufupisha muda huo, wala haliuondoi.

Tena, kugeuka si kuisha. Aldrini ikiwa udongoni hugeuka dieldrini, nayo ni sumu idumuyo zaidi. Zote mbili zimo katika orodha ya Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001.

Natutazame visiwa vya Guadeloupe na Martinique. Huko, tangu 1972 hata 1993, mashamba ya migomba yalitiwa klorodekoni kuua fukusi. Mpaka leo imo udongoni. Ndizi, kwa kuwa ziko juu, haziipati ila chembe; ama viazi vikuu, majimbi na viazi vitamu vilivyopandwa baadaye viliinyonya, na watu wazima zaidi ya 9 katika kila 10 wameonekana nayo damuni.

Sababu ni kuwa kiazi hulala ndani ya udongo wenyewe, na sumu za namna hii hushika zaidi ganda. Kumenya hupunguza, hakumalizi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Msinunue dawa ya kupimiwa isiyo na karatasi ya jina lake. Andikeni ni shimo gani limetiwa dawa, ipi, na siku gani. Hapo msipande muhogo, majimbi wala viazi mpaka bwana shamba aseme yafaa. Na mwenye kopo kuukuu aliloachiwa na wazee ghalani asilifungue wala asilimwage. Alete habari ofisini. Mche uliokufa hupandwa mwingine, lakini sumu iliyokwisha liwa na watoto hairudishwi koponi.