Goma: jirani wa ukuta hajui kama kuna mchezo

Jumamosi, saa nane ya mchana. Viti vimepangwa, ngoma zimekazwa, vijana wamevaa. Mama wa upande wa pili wa ukuta anasikia sauti na kuuliza: « Hapo ni arusi ao ni matanga? » Tangazo liko kwenye Facebook tangu wiki mbili, lakini yeye hana mega, na telefone yake ni ya kubonyeza tu.

Hii ni shida ya vikundi vingi vya teatri, dansi na uchoraji hapa Goma. Wanatangaza mbali, wa karibu hawajui. Watu kumi wanaingia, feza ya mlangoni haitoshi hata mafuta ya jenereta, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anadai yake. Kikundi kinafunga hivyo, si juu ya kukosa kipaji.

Dawa si mpya. Huko Kinshasa, mwaka 1975, Chéri Samba, aliyekuwa amejifunza kazi ya kuandika vibao vya maduka, alifungua atelie yake. Tablo alizitundika inje, kando ya barabara. Wapita njia walitupa jicho na kuendelea. Njo akaanza kuandika maneno ndani ya picha yenyewe, ili mtu asimame asome. Anayesoma anakawia, na anayekawia anaita mwenzake. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, kwenye Centre Pompidou.

Ukuta wa inje kila kikundi kinao. Ubao mweusi na chaki vinatosha: ni mchezo gani, siku gani, saa ngapi, bei gani. Ila ubao unaobaki na tangazo la mwezi uliopita ni mbaya kuliko kukosa ubao, kwani watu wanaacha kuuangalia.

Watu wa Goma wamezoea kusoma alama. Tangu Nyiragongo kulipuka mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, wanajua rangi za tahadhari: kijani ni kawaida, njano ni kuwa macho, nyekundu ni hatari. Kitambaa kinachotundikwa mlangoni kila siku ya mchezo kinaweza kufanya kazi ileile. (Wachague bluu. Kitambaa chekundu kitakimbiza mtaa mzima.)

Kisha siku isibadilike. Kama ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ibaki hiyo, hata wakija watu watano. Siku iliyozoeleka inajitangaza yenyewe kwenye bomba la maji, kwa wasusi, na pale wamotari wanapongojea abiria. Asubuhi yake, chukudu moja yenye ngoma na mchezaji mwenye kuvaa nguo za mchezo ipite sokoni polepole. Megafoni nayo inasaidia, lakini chefu wa avenyu aambiwe mbele, na mahali penye matanga wapite kimya.

Tangazo liseme pia saa ya kumaliza. Jambo hili wengi wanalisahau, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Katika mji ambamo watu wanaogopa giza, mzazi hatamtuma mtoto mahali asipojua atatoka saa ngapi. Kuanza saa nane na kumaliza saa kumi na moja, jua lingali juu, kunaleta watu kuliko afishi ya rangi.

Kwa redio, karatasi moja ya Kiswahili inatosha, mistari mitano. Vikundi vingine vinaleta barua ndefu ya Kifaransa yenye kumsifu prezida wa kikundi, saa ya mchezo haimo.

Mlangoni pabaki kitabu kidogo. Kila anayeingia aulizwe: « Ulisikia wapi? » Jibu liandikwe palepale: ubao, chukudu, redio, jirani. Kisha miezi mitatu kikundi kihesabu. Kama hakuna hata mmoja aliyetaja banderoli, basi feza ya banderoli iende kwa mafuta ya jenereta.