Nyumba ya Jirani, Darasa la Kijana

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumza juu ya vijana wanaojifunza ujenzi kwa kuwajengea majirani wasiojiweza.

MTANGAZAJI 2: Tuanzie Rwanda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda: watu wa miaka 18 hadi 65 hufanya kazi za pamoja asubuhi. Tena tangu mwaka 2013, vijana wanaomaliza sekondari wana utumishi wao, Urugerero. Miongoni mwa kazi zao ni kujengea familia maskini nyumba na vyoo.

MTANGAZAJI 1: Lakini mwenzangu, kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajawahi kushika mwiko, nyumba yake itasimama kweli?

MTANGAZAJI 2: Itasimama, kama yupo fundi wa kumfundisha. Chukua tofali la udongo, wanaloliita rukarakara. Halichomwi, kwa hiyo halili kuni. Vijana hukanyaga udongo pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, kisha hulifyatua kwa kalibu ya mbao.

MTANGAZAJI 1: Halafu jua linamaliza kazi.

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo wengi hukosea! Tofali bichi likipigwa na jua kali hupasuka. Siku za kwanza lifunikwe kwa nyasi, kisha lisimamishwe kwa ubavu likauke pande zote. Baada ya wiki kadhaa, vunja moja. Ukiona weusi wa unyevu katikati, subiri.

MTANGAZAJI 1: Na kona ya nyumba je?

MTANGAZAJI 2: Kamba na futi vinatosha. Toka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili ziwe mita 5 kamili. Zikizidi, kona imefunguka, zikipungua, imebana. Hesabu ya ubaoni sasa kijana anaishika mkononi.

MTANGAZAJI 1: Adui wa ukuta wa udongo ni maji.

MTANGAZAJI 2: Ndiyo. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi, na paa litokeze nje ya ukuta. Asiyejua sababu hiyo ataufanya msingi mfupi ili amalize mapema, na atakayelala chini ya ukuta huo ni bibi mjane na wajukuu zake.

MTANGAZAJI 1: Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba watoto wao wanabebeshwa matofali bure.

MTANGAZAJI 2: Wana haki ya kuuliza. Kijana anayebeba maji tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ametoa nguvu, lakini hakupata ufundi. Dawa ni zamu: leo unafyatua, kesho unajenga, keshokutwa unapima. Na ukuta ukipinda, fundi asiunyooshe kimya kimya. Ampe kijana timazi, alione kosa mwenyewe.

MTANGAZAJI 1: Na walio chini ya miaka 18?

MTANGAZAJI 2: Wasipande jukwaa la juu, wasichimbe shimo refu la choo, wasibebe mizigo mizito. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unakataza kazi za hatari kwa watoto wa umri huo.

MTANGAZAJI 1: Nawe msikilizaji wa Kongo unayetoka kwenye salongo, au wa Burundi unayefanya kazi za pamoja Jumamosi, mnaweza kuanza hivyo hivyo. Mtafuteni fundi kwanza, ndipo muwaite vijana.

MTANGAZAJI 2: Na mvua ya kwanza ikishanyesha, vijana warudi kwa yule bibi, waukague ukuta. Huo ndio mtihani wao.

MTANGAZAJI 1: Jadilianeni nyumbani: mtaani kwenu, ni nani anayeweza kuwafundisha vijana, na ni nyumba ya nani inayosubiri? Kwa leo tunaishia hapo. Kwaherini.

(MUZIKI UNAPANDA, MWISHO)