Kelele za Umeme na Lugha ya Mama

Wengi wetu tuliosoma vijijini twakumbuka adhabu ya kuzungumza lugha ya mama shuleni. Tuliambiwa kwamba lugha hiyo ingetuzibia njia ya sayansi. Dhana hiyo haijafa, na kule Kisii na Nyamira ingali ikimfanya mtoto aionee haya Ekegusii. Je, ina msingi wowote?

Natuchukue mfano mgumu: kelele ndani ya chipu za kompyuta. Kelele hizi hazisikiki kwa sikio. Ni mitikisiko ya umeme isiyotakiwa, irukayo kutoka waya mmoja hadi waya jirani, au izukayo transista nyingi zinapogeuka kwa pamoja. Chipu hutambua sifuri na moja kwa kupima volti. Zamani chipu nyingi zilitumia volti 5. Kiini cha nyingi za leo huendeshwa kwa takriban volti 1. Pengo limekuwa jembamba, na kelele ndogo yaweza kugeuza moja kuwa sifuri.

Wahandisi wana dawa kadhaa. Iliyo maarufu ni kupitisha ishara moja katika nyaya mbili zinazoandamana, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Kelele ikija, huzipiga zote mbili karibu sawasawa. Mpokeaji hajali kimo cha waya wowote. Hupima tofauti iliyoko kati yao, na kelele hujifuta. Ndivyo zifanyavyo kazi nyaya mbili za data katika kebo ya kawaida ya USB.

Sasa twende sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii. Ekegusii ni lugha ya toni: silabi husemwa juu au chini, na tofauti hiyo huweza kubeba maana. Mjukuu mwenye sauti nyembamba na babu mwenye sauti nzito huelewana bila taabu, kwa kuwa msikilizaji hapimi kimo halisi cha sauti, bali huilinganisha silabi na jirani zake.

Mfano huu una mpaka wake. Nyaya hulinganishwa kwa wakati mmoja, silabi hufuatana. Hata hivyo kanuni ni moja: maana imo katika tofauti, wala si katika kimo.

Mwalimu wa fizikia wa Nyamira ana hazina hii darasani mwake kabla hajashika chaki. Mwanafunzi wake ameitumia kanuni hiyo tangu alipoanza kusema. Kumnyamazisha si kumfungulia sayansi. Ni kumnyang'anya ufunguo alio nao tayari.